Wiki kumi kabla ya KCSE: durusu kitabu kikiwa kimefungwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, shule ya kutwa, na nyumbani ni Kisauni. Nasoma kila usiku mpaka saa sita. Madaftari yangu yote nimeyapiga rangi, na mada nyingi nikizisoma naona nazielewa. Lakini mtihani wa moko, yaani wa majaribio, umenipa C: Kiswahili B-, Dini ya Kiislamu B-, Historia C+, Kiingereza C, Biashara C, Bayolojia C-, Kemia D+, Hisabati D. Nataka C+ nipate kwenda chuo kikuu. Zimebaki wiki kumi. Mama aniambia nilale, mwenzangu wa darasani aniambia nikeshe. Nimsikilize nani, na nisome vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msikilize mama, ulale. Saa unazotumia zinatosha, na nyingine ni za kupunguzwa. Kilichokosekana ni kazi ya kalamu kitabu kikiwa kimefungwa. Hilo nitakueleza kwa urefu, lakini kwanza tupige hesabu ya alama zako, maana ndiyo itakayotuonyesha pa kuweka nguvu.

Tangu mtihani wa mwaka 2023, gredi ya wastani ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne hapa Kenya, hupatikana kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. A ina pointi 12, E ina pointi 1, kwa hivyo masomo saba yana jumla ya pointi 84. C+ huanzia pointi 46. Sasa tazama zako: Hisabati 3, Kiswahili 8, Dini 8, Historia 7, Kiingereza 6, Biashara 6, Bayolojia 5. Jumla 43. Umepungukiwa na pointi tatu tu. Kemia yako imebaki nje ya hesabu, na hata ukiipandisha kutoka D+ hadi C- italingana na Bayolojia na jumla haitasogea. Hisabati haiachwi nje kamwe. Ukiitoa D ukaifikisha C-, umepata pointi mbili, na ya tatu yaweza kutoka Bayolojia au Biashara.

Kwa hivyo Hisabati ipate vipindi vingi kuliko somo lolote lingine. Kemia usiitupe, hasa ukiwa na nia ya kozi ya afya, ambako alama ya somo lenyewe hutazamwa. Lakini usiipe nusu ya usiku kwa sababu tu inakutisha. Na usilenge 46. Lenga 49 au 50, kwa sababu siku ya mtihani somo moja huweza kuteleza.

Tuje kwenye madaftari yaliyopigwa rangi. Ukisoma ukurasa kwa mara ya nne, macho hupita mbio, maneno umeyazoea, na moyo unakuambia hii naijua. Kuuzoea ukurasa ni jambo moja, kuweza kuyatoa yaliyomo bila kuuona ni jambo jingine, na chumba cha mtihani hudai hilo la pili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi wakavisoma mara ya pili, wengine wakafunga na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kidogo, 81 kwa 75 katika kila mia. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka 56, waliorudia kusoma 42. Utazame vizuri mtego uliopo hapo. Usiku ule ule, njia dhaifu ndiyo inayoonekana nzuri. Ndiyo maana unalala ukiwa na hakika na kuamka mtihanini mikono mitupu. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipima njia kumi za kudurusu kwa kupitia tafiti nyingi. Kupiga mistari na kurudia kusoma zilikuwa katika kundi la chini, na zilizokuwa juu zilikuwa mbili: kujipima, na kuyatawanya masomo kwa siku mbalimbali.

Basi kipindi kimoja cha kudurusu kiwe cha dakika 40, na kiende hivi. Chagua kipande kidogo, kwa mfano namna figo linavyochuja damu, si sura nzima ya utoaji taka mwilini. Dakika 10 za kwanza soma kwa makini, bila kalamu ya rangi. Kisha funga daftari uliweke mahali usipofikia kwa mkono, hata juu ya kabati. Chukua karatasi tupu, na kwa dakika 12 uandike yote unayokumbuka: mchoro, majina ya sehemu, hatua kwa mpangilio, sababu ya kila hatua. Fungua sasa, na kwa dakika 8 sahihisha kwa kalamu nyekundu, ukiongeza kilichokosekana na kukata kilichokosewa. Dakika 10 za mwisho jibu swali moja la mtihani wa miaka ya nyuma kuhusu kipande hicho hicho.

Mara za kwanza utakwama ukae ukiikodolea macho karatasi. Usiogope, na usifungue. Wanaoshindwa na njia hii hushindwa hapa: baada ya sekunde kumi za kukwama wanachungulia, na wakichungulia wanajiambia "ahaa, hilo nilikuwa nalijua". Jipe angalau dakika moja nzima ya kutafuta. Kama kuna pengo, liandike kama pengo: "kuna kitu kati ya glomerulasi na mrija wa kwanza, sikikumbuki". Ukifungua, jibu litakalokuja mahali pa pengo hilo litashika kuliko mistari yote ya rangi. Kosa la pili ni kujijibu kichwani bila kuandika. Kichwa kinajipendelea, karatasi haina upendeleo.

Karatasi hiyo iandike tarehe kwenye kona, kisha panga siku za kuirudia: kesho, siku ya nne, baada ya wiki mbili, na mara moja zaidi karibu na mtihani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema sana, katika saa na siku za mwanzo, na baadaye kasi ya kusahau hupungua. Ndiyo sababu marudio ya kwanza yako karibu na yanayofuata yanaachana. Kila marudio ni dakika 7 hadi 10, na huanza kwa kuandika, si kwa kusoma. Ukianza kwa kusoma umerudi kule kule.

Mambo mafupi mafupi yatengenezee kadi. Nunua karatasi ya manila, uikate vipande vya ukubwa wa kiganja, swali mbele na jibu nyuma, swali moja kwa kadi. Weka bahasha tatu: ya kila siku, ya kila siku ya tatu, ya kila wiki. Kadi uliyoijibu sawa inasogea mbele bahasha moja, uliyoikosa inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa ya tatu. Na swali la kadi liwe na meno. "Eleza ayoni za alumini" ni kadi butu. Andika hivi: mmumunyo usio na rangi, ukitiwa hidroksidi ya sodiamu unatoa mashapo meupe yanayoyeyuka ikizidishwa, na ukitiwa amonia unatoa mashapo meupe yasiyoyeyuka, ni ayoni gani mbili, nazo utazitofautisha vipi? Nyuma: alumini na risasi, tia iodidi ya potasiamu, risasi itatoa mashapo ya manjano. Ingeyeyuka katika amonia pia, ungekuwa na zinki. Kadi moja kama hiyo inafunza kufikiri kama karatasi ya vitendo inavyotaka.

Kuna jambo ambalo watoto wetu wa Pwani hawaambiwi mapema. Mada ngumu jieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unayemfundisha ndugu yako mdogo. Ukikwama hapo, hujaielewa bado. Lakini ukishaielewa, kadi na majibu yaandike kwa lugha ya karatasi yenyewe, kwa sababu anayejua jambo kwa lugha moja na kuulizwa kwa nyingine hupoteza dakika akitafuta neno, na Bayolojia haikupi alama kwa neno lililokaribiana na lile sahihi.

Sasa Hisabati, na hapa nitakaa. Karatasi mbili, kila moja alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya jumla ya alama 50, yote ni lazima. Sehemu ya pili ina maswali 8 ya alama 10 kila moja, nawe unachagua 5. Karatasi ya kwanza huegemea zaidi kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, ya pili huegemea kidato cha tatu na cha nne. Mtu mwenye D mara nyingi anahangaika na mada za kidato cha nne hali anadondosha alama za kidato cha kwanza: sehemu, uwiano, milinganyo, faida na hasara, eneo na ujazo, jedwali za logi. Wiki mbili za mwanzo zitumie huko. Chukua sehemu za kwanza za karatasi tano za nyuma, zikate kwa mada, na usitoke kwenye mada mpaka upate maswali manne mfululizo bila msaada.

Kwa upande wa maswali ya alama 10 ya karatasi ya pili, kuna mada zinazorudi rudi kiasi kwamba si busara kuingia bila kuzimudu: kodi ya mapato, mifuatano ya namba, latitudo na longitudo, grafu ya marudio limbikizi, upangaji wa mstari, uwezekano kwa mchoro wa mti, grafu za trigonometria, ujenzi kwa rula na bikari. Chagua saba uzimudu kabisa. Tano utazijibu, mbili ni akiba.

Ukishazijua moja moja, zichanganye. Kufanya maswali kumi ya kodi mfululizo huleta raha, kwani swali la pili tayari unajua kanuni ipi inatumika. Mtihanini hakuna anayekuambia kanuni ipi. Kuitambua ni nusu ya kazi, na hiyo huizoei mpaka uchanganye: moja la kodi, moja la latitudo, moja la uwezekano, halafu urudi. Utaona unakosa zaidi kuliko ulipokuwa ukifanya mada moja. Vumilia, ndiko kujifunza kwenyewe.

Makosa ya mkono yanayokula alama za Hisabati ni yale yale kila mwaka. Kukadiria namba katikati ya hesabu badala ya mwisho, kisha jibu linakuwa mbali. Kuandika jibu tupu bila njia, ilhali alama za njia hutolewa hata jibu likiwa si sahihi. Kutumia kikokotoo swali limesema utumie jedwali za logi. Kuacha kikokotoo kwenye radiani swali likiwa la digrii. Na kung'ang'ania: swali la alama 3 lina dakika nne na nusu. Ukiona dakika mbili zimepita na hujui pa kuanzia, litie alama ya duara uende mbele, utarudi.

Karatasi za miaka ya nyuma ndizo mali yako kubwa, basi usizimalize vibaya. Za miaka mitatu ya karibuni zifiche kwanza. Wiki ya 1 hadi ya 4 tumia za zamani zaidi kwa maswali ya mada moja moja. Wiki ya 5 hadi ya 8 fanya karatasi nzima kila Jumamosi, kwa saa kamili, mezani, bila simu, bila maji ya kwenda kuchota katikati. Hapo ndipo unazitoa zile tatu. Wiki ya 9 na ya 10 ni za makosa yako tu.

Baada ya karatasi, kusahihisha ndiyo kazi yenyewe, wala si kuangalia umepata ngapi. Tafuta mwongozo wa kusahihisha kutoka kwa mwalimu wa somo, na uwe mkali kuliko mtahini. Historia swali likidai hoja tano zilizoelezwa kwa alama 10, hoja iliyotajwa bila kuelezwa ni alama moja, usijipe mbili. Mkiwa watatu, badilishaneni karatasi, kila mtu asahihishe ya mwenziwe. Kundi la watu watatu linafaa, la watu saba linakuwa baraza la mazungumzo.

Kila alama iliyopotea ina sababu, na sababu hizo ziwekee daftari peke yake. Safu nne: tarehe, swali, kosa, chanzo. Chanzo kiwe kimoja kati ya vinne tu. Sikujua. Nilijua nikasahau. Sikulisoma swali sawa. Mkono uliteleza. Usiandike "uzembe", neno hilo halikuambii la kufanya. Kila chanzo kina dawa yake. "Sikujua" inakurudisha kwa mwalimu au kitabu, siku hiyo hiyo. "Nilisahau" inakuwa kadi. "Sikulisoma swali" hutibiwa kwa kupiga mstari chini ya kitenzi cha swali na idadi inayotakiwa kabla ya kuandika neno lolote: taja, eleza, linganisha, sababu nne. "Mkono uliteleza" hutibiwa kwa kuacha dakika 10 za mwisho za kukagua, na kukagua kitu maalum, kwa mfano ishara za kujumlisha na kutoa, au vipimo. Baada ya wiki mbili hesabu safu ya nne. Ukikuta nusu ya alama zilipotea kwa kutosoma swali, basi kuongeza saa za kusoma kungekuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kiswahili umepata B- na nina hakika unaridhika. Usiridhike, kwa sababu hiyo ndiyo lugha inayokubeba. Karatasi ya pili ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimu jamii 10. Nusu nzima iko kwenye sarufi, na hapo ndipo mtoto wa Mombasa anapoponzwa na sikio lake. Nyumbani twasema "hichi kitabu", "nshakula", "ndoo hapa", na ni lugha yetu tamu, lakini mtahini anataka "hiki", "nimeshakula", "njoo". Anataka pia ujue ngeli kwa majina, uchanganue sentensi kwa matawi au jedwali, na uakifishe bila kukisia. Msemaji mzawa hudhani hayo yanakuja yenyewe, hayaji. Vipindi vya alfajiri vya Kiswahili viwe vya sarufi. Katika fasihi, swali la dondoo linaloomba muktadha kwa alama 4 linataka mambo manne: msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya kusemwa. Wengi huandika aya nzima ya kusimulia kisa na kusahau mahali. Katika insha una saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili za alama 20 kila moja. Dakika 5 za mwanzo za kila insha ziwe za kupanga hoja, na kama ni methali, kisa chako kitimize pande zote mbili za methali. Ukiandikia "mchelea mwana kulia hulia yeye", aonekane mzazi aliyemdekeza mwana, kisha aonekane akilia.

Kwenye Kemia ya vitendo kuna alama za bure ambazo watu hupita wakiziacha. Jedwali la titresheni, yaani kupima mmumunyo mmoja kwa mwingine kwa bureti, huwa na alama 5: kukamilisha jedwali, desimali zinazolingana, usahihi ukilinganishwa na usomaji wa mwalimu, kanuni ya wastani, na jibu la wastani. Andika usomaji wote wa bureti kwa desimali ile ile, na kama ni mbili, ya mwisho iwe 0 au 5. Wastani utafute kwa zile zinazokaribiana ndani ya 0.2, na uonyeshe hesabu yake. Hilo halihitaji kipaji, ni mazoezi ya karatasi na penseli mara nne au tano.

Biashara nayo ina karatasi ya kwanza yenye maswali 25 ya alama 4 kila moja. Kadi zitakusaidia zaidi kuliko kitu kingine chochote hapo.

Ratiba yako sasa. Shule ya kutwa inakurudisha nyumbani jioni umechoka, tena umesimama kwenye foleni ya daraja la Nyali. Usiguse kitabu mara tu ukifika. Oga, kula, swali magharibi, saidia nyumbani. Saa moja na nusu hadi saa tatu usiku fanya vipindi viwili vya dakika 40 na mapumziko ya dakika 10 katikati. Saa nne uwe umelala. Baada ya swala ya alfajiri, dakika 25 za kadi na marudio, akili ikiwa imepoa na nyumba imetulia. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa una vipindi kumi vya usiku. Vinne Hisabati, viwili Bayolojia, kimoja kimoja Biashara, Kiingereza, Kemia na Historia. Dini na sarufi ya Kiswahili ziende alfajiri. Jumamosi karatasi nzima, na kuisahihisha baada ya kupumzika. Kama una chuo cha Qur'ani asubuhi, karatasi ihamie alasiri. Jumapili vipindi viwili au vitatu vya kufidia vilivyokosekana, na jioni ni yako. Ratiba isiyo na nafasi ya kufidia huvunjika wiki ya kwanza, na ikishavunjika mtu huiacha yote.

Kulala kwa saa saba, na nane siku za mapumziko, ni sehemu ya kudurusu, kwani ubongo hukaza usingizini kile ulichojifunza mchana. Mwenzako anayekesha kwa muguka au vinywaji vya kuongeza nguvu anaukopa usiku wa leo na kuulipa kesho darasani akisinzia. Usimwige.

Joto nalo lihesabu. Karatasi nyingi za KCSE huangukia Novemba, wakati kusi imekwisha na kaskazi haijashika, na nyumba ya mabati hubaki na moto mpaka usiku mwingi. Kama chumbani hakukaliki, kaa barazani, au omba nafasi ya kudurusu shuleni kabla ya kurudi, au nenda maktaba ya umma Jumamosi, ambako karatasi ya saa mbili na nusu hufanyika bila mtu kukutuma dukani. Taa ya kuchaji iwe imejaa kila jioni, maana stima ikipotea saa mbili usiku hutaki kuanza kutafuta mshumaa. Simu mpe mama akae nayo mpaka saa tatu. Ikiwa mezani, hata ikiwa imezimwa sauti, mkono utaifuata.

Na simuni humo, kadiri Novemba inavyokaribia, utaletewa makundi yanayouza "karatasi za mtihani". Toka humo. Wanachouza ni ulaghai, na kilicho cha kweli kikikutwa nawe matokeo yako yanafutwa, na ni kosa la jinai.

Jioni ya kuamkia kila karatasi usifungue mada mpya. Soma kurasa za somo hilo katika daftari la makosa, pitia kadi ulizozikosa zaidi ya mara mbili, kagua betri ya kikokotoo, penseli mbili zilizochongwa, bikari isiyolegea, rula. Saa nne lala.

Leo usiku anza na karatasi ya kwanza ya Hisabati ya moko uliyorudishiwa. Usiangalie gredi. Chora safu zile nne, ujaze kila alama iliyopotea. Baada ya wiki nne hesabu vyanzo tena, uniandikie namba zote mbili, za leo na za siku hiyo. Nikiona "sikujua" bado inaongoza, nitakutajia mada tatu za kurudi kwa mwalimu. Nikiona "mkono uliteleza" ndiyo inayoongoza, tutashughulikia mwendo wako wa saa.